Likizo ya familia nje ya nchi kutoka Kigoma: Bujumbura, Kigali au Mpulungu? (Bi mkubwa anasema ziwa ni lilelile)

Baba Watatu
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla shule hazijafunga maana hapa nyumbani nshachanganywa.

Iko hivi. Binti yangu wa kwanza yuko la sita, sasa kuna mwenzie darasani walienda Dubai na wazazi wake, yule mtoto akaja na pasi shuleni anaonyesha muhuri, mpaka mwalimu akaomba auangalie. Tangu siku hiyo hakuna amani, kila tukikaa mezani ni baba sisi tutaenda lini nje ya nchi. Nikamwambia mwanangu ile milima unayoiona jioni jua likizama ni Kongo, hiyo ni nje ya nchi tayari. Akanijibu kuona sio kwenda. Nikanyamaza.

Tumekaa na mama watoto tukasema Dubai hatuiwezi ila sisi watu wa Kigoma nje ya nchi iko mlangoni. Yeye anataka Bujumbura, mimi nimesikia sifa za Kigali, na mdogo wangu ananiambia panda meli nenda Mpulungu Zambia ukale upepo. Hela iliyopo ni milioni mbili, ikibana sana naongeza laki. Tuko sita: mimi, waifu, watoto watatu (12, 9 na 4) na mama yangu mzazi ambae ana miaka 71 na siwezi kumwacha peke yake Gungu. Siku tano au sita hivi.

Bi mkubwa ndo kanimaliza kabisa. Nimemweleza mpango wote akasikiliza mpaka mwisho alafu akasema "yani mwanangu utoe hela ukaliangalie ziwa hilihili kwa upande wa pili? Ziwa ni lilelile na dagaa ni walewale."

Na jambo la pasi, mimi na waifu tunazo, wanne hawana, pasi moja laki na nusu mara nne ni laki sita, hapo likizo imeishia kwenye vitabu. Mliowahi kwenda na familia (sio mliowahi kwenda kununua mzigo) naombeni mnieleze mlikuta nini.

Kibirizi Mwisho
Gombe umewapeleka? Watu wanatoka Marekani wanapanda ndege tatu kuja kuwaona sokwe ambao yule mama wa Kiingereza alianza kuwafuatilia tangu 1960, wewe unapanda boti hapo Kibirizi unataka kukimbilia Buja. Tuache mambo ya muhuri.

Baba Watatu
Gombe niliwapeleka 2022 mkuu. Sokwe tuliona makalio tu juu ya mti alafu mvua ikanyesha. Na Gombe hawagongi muhuri 😂

Mjukuu wa Ujiji
Mkuu mimi nilipeleka familia Buja Juni 2024 kwa hiyo nakupa ya kuona sio ya kusikia.

Nianze na pasi maana ndo inakutesa. Nenda uhamiaji ukawachukulie hati ya dharura, ile ni ya safari moja na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pasi, watoto wangu wote walivuka nayo. Kadi za njano msisahau, ile chanjo ya homa ya manjano, sisi mpakani Mugina, upande wa Burundi, tuliulizwa kadi kabla hata ya kuulizwa majina. Na vyeti vya kuzaliwa vya watoto beba hata kama hakuna aliekwambia ubebe.

Safari yenyewe ni nyepesi, Mwandiga mpaka Manyovu lami tupu kama kilomita 60, mnavuka, mnashuka Mabanda mpaka Nyanza-Lac, kuanzia hapo barabara inafuata ziwa Rumonge mpaka Bujumbura. Ukivuka tu mtoto wangu mdogo akapiga kelele "baba dereva kalewa!", kumbe kule wanaendesha kulia na sisi hatukumwandaa. Gari zima walicheka, hata Warundi.

Sasa machungu. La kwanza mafuta. Nilisikia kwenye redio Burundi mafuta shida nikajua shida kama zetu, foleni ya nusu saa. Hapana. Kuna vituo tuliona magari yamepangwa foleni, madereva wamelala ndani na mataulo yameanikwa kwenye vioo, yani watu wameshahamia. Hiace yetu ilikaa Nyanza-Lac masaa manne tukisubiri konda arudi na kidumu, na aliporudi nauli ikawa imepanda. Tumeingia mjini usiku watoto wamelala mmoja juu ya mwenzie kama magunia.

La pili ndo liliniuma. Nilikuwa nimechukua hoteli ya ufukweni kwa simu, jina silitaji, picha walizonitumia ni mchanga mweupe, minazi, viti vya kujilaza, na bembea ya watoto. Mwaka ule ziwa lilipanda, hata nyie mnakumbuka huku kwetu nyumba za karibu na maji zilivyofanywa, sasa mimi kichwani kwangu nikaona kama ziwa limepanda Kigoma peke yake! Tunafika asubuhi kuangalia ufukwe, hakuna ufukwe. Viti viko ndani ya maji, bembea imebaki ile nguzo ya juu, na kuna kijana anavua samaki palipokuwa baa. Mke wangu akaniangalia hakusema kitu, na nyie mnaojua ndoa mnajua hiyo ni mbaya kuliko kusema. Nimekimbia mafuriko ya ziwa Tanganyika nikaenda kulala kwenye mafuriko ya ziwa Tanganyika, tena kwa kugongewa muhuri.

Tulihama siku hiyohiyo tukaenda gesti ya kawaida Buyenzi, na hapo ndo likizo ilipoanza. Buyenzi kama huijui ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, unaamka unasikia adhana, mtu anakusalimia shikamoo, chai ya maziwa iko mlangoni na mikate yao ile mirefu ya Kifaransa ambayo watoto waliibeba kama bunduki. Jioni tukaenda kula samaki. Mke wangu akaagiza mgebuka, mhudumu hamjui, akasema yeye ana mukeke. Haya lete huyo mukeke tumjaribu. Analetwa, mgebuka! Ni yule yule, sema kapasuliwa, kachomwa na vitunguu na ndimu na ndizi pembeni. Tulimlipia bei ambayo Kibirizi ningebeba wanne, na tukamla jioni tatu mfululizo, kwa sababu sisi huku tumezoea kumkausha au kumtia mawese basi, hatuna habari kama anaweza kuwa hivi.

Viboko vilevile. Ukienda Rusizi, mto unapoingia ziwani, unalipia boti unawaona, ila sisi tuliwaona bure kwenye mgahawa wa ufukweni jioni, kimoja kimetoka majini kinakula majani ya bustani watu wanaendelea kunywa soda. Mwenye boti akawapa watoto habari za Gustave yule mamba mkubwa wa Rusizi wanaesema kala watu mamia, basi ndo ikawa mwisho wa mtoto wangu yeyote kutia mguu majini mpaka tumerudi Ujiji. Hadi leo wa pili hataki kuoga ziwani.

Kwa hiyo nenda, ila usichukue ufukwe, chukua mtaa.

Baba Watatu
Dah mkuu nimecheka peke yangu hapa. Vipi kama nikiunga, Buja siku tatu alafu nikapitiliza Kigali siku mbili nikarudia Rusumo na Kakonko? Kwenye ramani ni karibu kabisa.

Kibirizi Mwisho
Kwenye ramani. Burundi walifunga mpaka wao na Rwanda Januari 2024, utafika pale na watoto wako watatu na bibi uanze kuuliza maswali. Chagua moja.

Binti Unyanyembe
Habari zenu, mimi niko Tabora, Ng'ambo, naomba niongelee Kigali maana tulienda mwisho wa Novemba mimi, baba watoto na wanangu wawili. Kwetu ni mbali kuliko kwenu lakini njia inanyooka, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Benako, mnatokea Rusumo. Kaka yangu yuko kule anafanya kazi ya ujenzi ndo alitualika.

Vituko vilianza mpakani. Mimi Mnyamwezi siwezi kwenda ugenini mikono mitupu, nilibeba asali ndoo ndogo na karanga kilo tatu nimezifunga kwenye vile vifuko vya nailoni vya uwazi. Wenzetu mifuko ya plastiki walipiga marufuku 2008, sisi 2019 lakini vile vya uwazi vimebaki bado vinazunguka sokoni. Yule dada wa pale mpakani mpole kabisa, hakunifokea, akanyoosha mkono tu nimpe vifuko. Nikasema karanga je? Akaniangalia khanga. Basi karanga kilo tatu zikamiminwa kwenye khanga yangu mpya mbele ya basi zima nikafunga fundo, nimefika Kigali nanukia karanga. Asali ilipita, ndoo haina kosa.

Alafu kuna hili la saa ambalo hakuna aliewataja, kule (Rwanda, na Burundi pia) wako nyuma yetu saa moja zima. Mnaondoka huku saa nne mnavuka mnakuta saa tatu. Mume wangu alikataa kurekebisha saa yake ya mkononi, anasema yeye ni mtu wa Tabora, tukachelewa, hapana, tukawahi kila mahali, tunagonga hodi watu bado wamelala.

Kilichonivunja moyo ni mbuga ya Akagera. Wanangu waliahidiwa simba, wale waliorudishwa mbugani 2015 baada ya wa zamani kuisha, tumepiga hesabu ya gari, kiingilio, kulala, tukaona hapana, hela hiyo ni ada ya muhula. Mdogo alilia basi zima kutoka Kayonza maana aliona kibao. Alafu mji wenyewe ni msafi mpaka unaogopa kutema mate, watoto wanakuuliza mama hapa tunaruhusiwa kukaa? Wanapita hawakusalimii kama sisi tulivyozoea. Siku mbili za kwanza nilijisikia mshamba ukweli wa Mungu, nikatamani kwetu, vumbi langu na miembe yangu.

Jumamosi tumejipamba kwenda mjini asubuhi. Barabara tupu, maduka yamefungwa, hakuna basi wala pikipiki, nikamwambia mume wangu kuna nini, mapinduzi? Kumbe ni umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wote wanafanya usafi wa mtaa mpaka kama saa tano. Tumesimama pale tumevaa kama tunaenda harusini, majirani wa kaka wanafyeka mtaro, mume wangu akaona aibu akavua koti akaomba jembe. Lile jembe ndo lilitufungulia mji! Walipomaliza wakakaa kikao chao, alafu yule mzee mwenye jembe akatupeleka kwenye kibanda cha maziwa. Wana vijiduka vya maziwa tu, hakuna bia hakuna soda, watu wazima wamekaa na vikombe vikubwa vya mtindi wanapiga stori kama sisi kwenye kahawa. Mwanangu ambae nyumbani maziwa hagusi alikunywa vikombe viwili na chapati. Kuanzia hapo kila jioni ni "mama twende kwa maziwa". Simba walisahaulika, nilishangaa.

Kiswahili ni lugha yao rasmi tangu 2017 lakini usitegemee kila mtu, vijana wengi wanakujibu Kinyarwanda au Kiingereza. Nenda Nyamirambo, kule utasikia Kiswahili na pilau utakula.

Gisozi kwenye kumbukumbu ya mauaji ya 1994 niliingia na mkubwa wangu wa miaka 14, mdogo alibaki nje kwenye bustani na baba ake. Hakuna kiingilio. Wamezikwa pale watu zaidi ya laki mbili na nusu. Kuna chumba cha picha za watoto, chini ya picha wameandika mtoto alipenda chakula gani na mchezo gani. Mwanangu hakuongea mpaka usiku, akaniuliza swali moja tu ambalo sikuwa na jibu lake. Sisemi usiende, ila wa miaka 9 kama wako mimi nisingemwingiza.

Mzee wa Gati
Vijana hamjaongelea Mpulungu kwa hiyo acha niongee, ingawa kwa meli ya Liemba ulizia kwanza maana iliingizwa kwenye matengenezo. Mimi nilipanda na mke wangu na wajukuu wawili 2012, tumetoka Kigoma Jumatano jioni tukafika Zambia Ijumaa. Huyo mtoto wa la sita mpe hii akamnyamazishe wa Dubai: meli ile Wajerumani waliijenga kwao 1913, wakaileta vipande vipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma ikaelea 1915, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiopoa 1924 na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Dubai hawana hiyo.

Raha ya ile safari ni njiani. Vijiji vingi havina gati, meli inapiga honi usiku wa manane, unaona taa zinakuja juu ya maji, mitumbwi inagombania ubavuni, anapanda mtu, anapanda mbuzi, inapanda kabati, mama mmoja alipitishiwa mtoto kupitia mlango wa ubavuni huku anahesabu hela. Wajukuu hawakulala siku mbili.

Mpulungu penyewe sikupapenda. Joto, vumbi, gesti tuliyofikia maji ya ndoo, na tukauziwa "kapenta" kwa sifa nyingi, kufungua ni dagaa wetu. Tukapelekwa kwa boti na kwa miguu mpaka Kalambo, maporomoko yanadondoka zaidi ya mita 200 mara moja, nimesimama pale mdomo wazi, kijana mwongozaji akaninyooshea kidole ng'ambo ya korongo akasema mzee pale ni Tanzania. Nikamwambia unasema? Kumbe mto ndo mpaka, unaweza kuyaona ukitokea Sumbawanga. Nimesafiri usiku na mchana kwenda nchi ya watu kuangalia kitu ambacho nusu yake ni changu. Mama yako anaongea kweli mkuu, ila mpeleke hivyohivyo.

Baba Watatu
Asanteni sana wakuu. Tumeamua Buja, mtaani, bila ufukwe. Mafuta naenda na moyo mkuu. Ntaleta mrejesho.

Baba Watatu
MREJESHO (samahani ni mrefu)

Tumerudi juzi, tumekaa siku tano, nimetumia milioni mbili na elfu themanini, sidaiwi.

Nianze na msiba wa binti. Mjukuu wa Ujiji ulinishauri hati ya dharura nami nikafuata, nikaokoa hela, sikufikiria ya mtoto. Amefika dirishani Manyovu kanyoosha karatasi yake kwa mikono miwili kama anapokea cheti, afisa kagonga muhuri pwaa, mtoto kauangalia, kaniangalia. "Baba hii ni karatasi." Nikamwambia muhuri ni muhuri mwanangu. "Ya kwake ni kitabu." Machozi mpaka Mabanda. Sikuwa na la kujitetea maana safari nzima chanzo chake ni kile kitabu.

Mafuta, kama mlivyosema. Tulitaka kwenda Gishora karibu na Gitega kuona ngoma zao, zile zilizoingizwa UNESCO 2014, mtoto wangu wa 9 alikuwa anapiga ndoo nyumbani wiki nzima kujiandaa. Dereva wa kwanza akataja bei nikadhani kanitajia bei ya gari lenyewe. Wa pili akasema anaweza kutupeleka lakini kurudi hajui. Tukaacha. Hilo liliniuma kweli, na mpaka leo ndoo zinapigwa kwa hasira.

Badala yake tukachukua gari ya karibu, kama kilomita kumi na mbili kusini mwa mji, Mugere, kuna jiwe kubwa limechorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Mzee mmoja pale akaanza kutueleza kwamba hapa ndipo walipokutana. Binti yangu ambae tangu mpakani alikuwa haongei vizuri akakohoa. Akasema shikamoo babu, walikutana Ujiji, kwetu, chini ya mwembe, tulipelekwa na shule, kule wameandika tarehe 10 Novemba. Mzee akasema jiwe linasema hapa. Binti akasema jiwe linasema tarehe 25, sasa babu mtu akikutana tarehe 10 atakutanaje tena tarehe 25? Yule mzee akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe, akamwuliza sasa huku walifuata nini? Na kweli baada ya Ujiji walipanda mtumbwi kuja kuangalia ziwa linaishia wapi huku kaskazini, wakalala hapo siku mbili. Binti akajibu "walikuja likizo, kama sisi." Kuanzia hapo akawa mzima, akaongea mpaka tukachoka.

Mgebuka nimemla. Mjukuu wa Ujiji, nakuunga mkono, sina la kuongeza, waifu kashajaribu mara mbili nyumbani na ile ndimu.

Sasa bi mkubwa, ambae mimi ndo nilikuwa na hofu nae. Siku ya kwanza kakaa kwenye kiti cha gesti Buyenzi kafunga khanga, hataki kutoka, anasema alishasema. Mimi nimeenda dukani kununua maji, Kifaransa sina, muuzaji Kiswahili chake cha kuokoteza, tunaoneshana vidole. Bi mkubwa katoka nje kuangalia kwa nini nachelewa, akamsikia yule dada anaongea na simu Kirundi, akadakia kwa Kiha. Jamani. Yule dada aliweka simu chini! Kiha na Kirundi vinasikilizana kama ndugu wa mama mmoja, mimi mtoto wa mjini nimekulia Gungu Kiha changu ni cha salamu na matusi, sikuwahi kukaa nikafikiria kwamba mama yangu ambae darasani hakukanyaga, kwenye nchi hii ndie msomi kuliko sisi wote. Toka dakika ile alitushika. Sokoni anatangulia yeye, teksi anapatana yeye, sisi tumepangwa nyuma kama kuku. Kuna kitenge niliambiwa bei, nikatoa hela, akanipiga kofi la mkono mbele za watu, akakichukua kwa nusu. Waifu anambeba mkoba.

Jioni ya pili mama mwenye gesti, nae mtu mzima wa umri wake, akaja kukaa nae. Wanaongea wanaongea, mara nikasikia Mtabila. Nikasogea. Kumbe yule mama aliishi kambi ya Mtabila kule Kasulu miaka kumi na kitu mpaka ilipofungwa 2012. Na bi mkubwa miaka hiyo alikuwa anatoka Buhigwe na ndizi na mihogo anauza sokoni karibu na kambi, ndo zilizonisomesha mimi sekondari. Hawakuwa wanajuana, hawakudanganyana kwamba wanakumbukana. Lakini walikuwa wanataja vitu, ule mti, yule mwenye mashine ya kusaga aliekuwa anapunja, mvua ile iliyobeba vibanda, na kila kimoja akitaja mwingine anapiga mapaja. Mama mwenye gesti akasema ndizi za watu wa Buhigwe zilikuwa ndogo na ghali. Bi mkubwa akasema nyie mlikuwa mnalipa kwa mahindi ya msaada yenye wadudu. Nikajua hapa vita, kumbe wanacheka wanafutana machozi kwa khanga moja. Waliongea mpaka saa saba usiku kwa saa ya mama yangu, saa sita kwa saa ya mwenyeji, maana bi mkubwa nae kama mume wa dada wa Tabora kitochi chake hakukirekebisha.

Tulivyoaga tulipewa mkungu wa ndizi, mkubwa kweli, na ujumbe kwamba hizi ndo ndizi. Nimeubeba mapajani Bujumbura mpaka Mugina.

Kwenye gari bi mkubwa katulia kama kilomita thelathini, naona anafikiria, nikajua anataka kusema lile neno lake la ziwa. Akaniuliza ile hati yake ya karatasi inafaa kurudi tena? Nikamwambia hapana mama, ni ya safari moja. Akasema basi anataka ya kitabu, kwa sababu kaalikwa harusi ya mjukuu wa yule mama Desemba na keshaitika.

Binti kasikia. Sasa zinatakiwa mbili. Naombeni mwenye kujua anisaidie, mtu mzima ambae cheti cha kuzaliwa hana na mwaka wake wa kuzaliwa tunauhesabu kwa nzige, anaanzia wapi?